Ngeli ya A-WA

Shuka ni la Kwamboka, la kitanda cha sita kwa sita,
lina alama ya pasi pembeni, kahawia, mfano wa unyayo.
Kila filamu tunayoionyesha, unyayo huo umo.
Umekanyaga bahari, umekanyaga mashavu,
na harusi moja iliyofungwa ndani ya lori Gikomba.
Siku moja alilifua kwa jiki, alama ikafifia,
watu wakalalamika.

Ghorofa ya tatu, Ngara, juu ya duka la vipuri.
Mchana hapa ni kwa fundi Mutiso.
Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunasukuma cherehani ukutani,
tunazifunika vitenge, zinakaa kama wajomba waliosinzia.
Ukiulizwa mlangoni, sema umekuja chamani.
Si uongo. Tunachanga mia mbili mbili,
na kwa hizo mia mbili tulimzika Odera
kwao walipokataa hata kushika simu.

Kazi yangu mimi ni maandishi ya chini ya picha.
Filamu huja kwa flashi, ndani ya soksi, ndani ya mkoba;
moja ilikuja bila neno lolote,
mtu na beseni tu, dakika kumi na moja.
Nyingine huja kwa Kiingereza, nami hukesha
nikitafuta mistari miwili inayotosha pumzi moja.
Kiingereza kikitaka kusema mpenzi amefika
kinauliza kwanza, wa kiume au wa kike,
kama karani wa sensa.
Kiswahili kinasema: Amefika.
Basi nikaandika, Amefika.
Nikaandika, Ananipenda. Alinisubiri kituoni. Amevaa koti langu.
Herufi moja, na mlango uko wazi,
hakuna aliyedaiwa kitambulisho.

Mwalimu Chepkemboi, darasa la sita,
aliandika ubaoni: A-WA, ngeli ya wenye uhai.
Mtu, watu. Nzi, nzi.
Hata nzi, mwalimu? Hata nzi.
Mtaani wametuhamisha ngeli.
Kitu hiki kinatembeaje. Kitoke hapa. Vichomwe.
Nimeyasikia Pangani, saa mbili usiku,
na kiatu kimoja nilikiacha huko.

Jumamosi hii Saitabau alitangulia filamu.
Gauni lake limeshonwa kwa bitana tupu,
ule upande ambao koti huuficha.
Akajipima kwa utepe wa fundi, bega, kifua, kiuno,
akitaja namba kwa sauti, na kila namba akaikataa.
Kisha akatupima sisi. Alipofika kwangu
akazungusha utepe hewani, karibu na mdomo,
akanong'ona: Hii nayo itatoka mita ngapi?
Nilicheka. Baadaye sikucheka.

Dakika ya ishirini na mbili, tokeni ikaisha.
Kwenye shuka wanaume wawili walikuwa wanaosha sufuria,
hawajagusana bado, povu hadi viwikoni.
Giza. Mtu akanunua stima kwa simu,
nikasoma tarakimu ishirini, nne nne,
na chumba kizima kikizirudia polepole
kama watoto wa chekechea.

Taa iliporudi, Mama Kerubo alikuwa ndani.
Msimamizi wa jengo. Amekuja kudai pesa za maji.
Alisimama mbele ya mashine, na wale wawili
wakaendelea kuosha sufuria kwenye aproni yake.
Akageuka. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi,
kidole hewani: A-me-fi-ka.
Nani amefika?
Hakuna aliyejibu. Kwamboka alikuwa tayari ameshika ncha ya shuka.
Mama Kerubo akatazama muda mrefu kuliko deni la maji.
Akasema, Huyo mrefu hajui kuosha. Asugue chini, kwenye masizi.

Asugue, alisema.

Akashuka ngazi. Hatukujua anashuka kwenda wapi.
Filamu tuliimaliza, viatu miguuni.